Darasa Lipi la Baleti Linanifaa?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mhasibu, mkazi wa Nairobi. Nilijifunza baleti tangu nikiwa na miaka 7 hadi 14, nikafika Gredi ya 5 ya mtaala wa Royal Academy of Dance na kufaulu mtihani wake. Mwaka huu nimerudi baada ya miaka 15. Studio iliyo karibu nami ina madarasa matatu ya watu wazima: la wanaoanza, la kati na la waliobobea. Kwa kutegemea cheti changu nilijiandikisha la kati. Nimehudhuria mara 6, na kila mara nimetoka nikiwa mnyonge: hatua nazijua kwa majina, lakini mwalimu akishaonyesha zoezi, nabaki nikimfuata kwa macho aliye mbele yangu. Wenzangu wanasema nikaze tu, nitazoea. Je, nishuke au nivumilie?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Dada yangu, nakushauri ushuke, na nakuomba usiupokee ushauri huo kama hukumu juu ya uwezo wako. Cheti chako ni halali na miaka 7 uliyoitolea jasho haikupotea. Ila cheti hicho kilipima jambo moja, na darasa uliloingia linadai jambo jingine. Katika mtaala huo wa Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920, mtoto wa Gredi ya 5 huandaliwa kwa mazoezi yaliyokwisha kupangwa. Huyarudia wiki baada ya wiki kwa muziki uleule, hata siku ya mtihani miguu yake inakuwa imeyahifadhi kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura. Darasa la wazi la watu wazima halina cha kuhifadhi. Mwalimu hutunga mfuatano papo hapo, huuonyesha mara moja kwa upande wa kulia, pengine kwa viganja tu bila kuinua mguu, kisha muziki unaanza. Kudaka mfuatano mpya kwa jicho ni ujuzi unaojitegemea, na katika miaka yako ya mitihani inaelekea hukupata nafasi kubwa ya kuuzoea.

Ukitaka kujipima, jitazame unapofanya upande wa kushoto. Tukiwa kwenye ufito wa ukutani, zoezi hufanywa kwanza kwa mguu wa kulia, kisha kila mtu hugeuka na kulifanya kwa kushoto, na hakuna anayekuonyesha tena. Ikiwa unaweza kuugeuza mfuatano kichwani na kuufanya bila kumwangalia jirani, darasa hilo ni la kwako. Na ukikosea mara moja moja, bado ni la kwako, kwa maana hata waliobobea hukosea. Lakini ikiwa tangu plie ya kwanza, yaani lile zoezi la kukunja magoti, hadi mateke makubwa ya mwisho unaishi kwa kuiga, basi umepanda mno. (Nakuomba pia usisimame mwishoni mwa ufito. Mgeni hudhani kwamba pembeni atajificha, kumbe wote wanapogeuka yeye ndiye anakuwa wa mbele, wala hana wa kumtazama. Simama katikati.)

Hoja yangu kubwa ni hii: darasa linalokufaa ni lile ambalo ndani yake unaweza kusikia unaposahihishwa. Nikiwa na miaka 19 nilijipandisha kwenye darasa la juu kwa sababu rafiki zangu walikuwa huko. Siku moja, katikati ya zoezi la kunyoosha mguu sakafuni, mwalimu alikuja nyuma yangu, akaweka vidole viwili juu ya mfupa wa nyonga yangu na kusema jambo. Nilikuwa nahesabu: mbele nne, pembeni nne, nyuma nne, kisha sijui nini. Nilitikisa kichwa kuitikia, naye akapita. Hadi leo sijui aliniambia nini. Miezi mingi baadaye mwalimu mwingine aliniona nikiipandisha nyonga ileile kila ninapopeleka mguu nyuma, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuiondoa tabia ambayo ingeweza kuondolewa alasiri ile kama ningekuwa na nafasi kichwani ya kupokea neno moja. Mwanafunzi anayekimbizana na hatua hana masikio. Atatoka jasho na atachoka, hata atafurahi, lakini mwili wake unazidi kuyakomaza makosa yake.

Lipo pia suala la viungo. Akili yako inakumbuka kuruka kama ulivyoruka ukiwa na miaka 14, na misuli nayo hurudi upesi kiasi, ilhali kano, hasa ile ya kisigino, huimarika polepole kuliko misuli. Ndiyo maana wanaorejea baada ya miaka mingi huumia mara nyingi pale wanapoanza kujiona wamepata nguvu. Darasa la kati huwa na miruko ya haraka mwishoni, na ikiwa ukumbi wenu una vigae juu ya zege badala ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo, basi kila mruko unalipwa na muundi na goti. Sakafu ya namna hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupunguza miruko, hata kwa mtu mwenye ujuzi. Vivyo hivyo usilazimishe miguu itazame nje kwa kuisukuma kutoka kwenye nyayo ili ufanane na aliye jirani yako. Kugeuka huko hutoka kwenye nyonga, na kinachokosekana nyongani hulipwa na goti.

Kwa vitendo, ningekupangia hivi. Hudhuria darasa la wanaoanza mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu hivi, na ulifanye kwa ukamilifu ambao mgeni kabisa hawezi kuufikia: kichwa, mikono, pumzi, na namna mguu unavyorudi kwenye nafasi ya tano, ile ya miguu kupishana, kisigino cha mmoja kikiwa mbele ya vidole vya mwingine. Katika mtaala wa Vaganova, shule mashuhuri ya baleti ya Saint Petersburg, Urusi, unaochukua miaka 8, watoto wa mwaka wa kwanza huanza wakiwa wameuelekea ufito na kuushika kwa mikono miwili, wakifanya mambo machache taratibu sana, nao ni watoto waliochaguliwa miongoni mwa wengi. Kwa hiyo usione haya kurudi kwenye plie. Baada ya wiki kadhaa, mwombe mwalimu wa darasa la kati akuruhusu ufanye sehemu ya ufito tu, kisha utoke kwa heshima kabla ya miruko. Walimu wengi hukubali wakiombwa kabla ya darasa kuanza. Wasichopenda ni mtu kuondoka bila kuaga. Utakapoona upande wa kushoto umekuwa mwepesi na maneno ya mwalimu yanakuingia, panda.

Hilo la kupanda nalisema kwa uzito uleule, maana wapo wanaokaa darasa la wanaoanza miaka mitano kwa sababu wamezoea kuwa hodari kuliko wenzao. Wala usiyaamini sana majina yenyewe: darasa “la kati” la studio moja laweza kuwa la mwanzo kwingineko. Ukihama, tazama darasa zima kwanza ukiwa umeketi, ndipo ujiandikishe.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 10. Mwalimu wake ameamua abaki Gredi ya 3 huku wenzake wawili wakipandishwa Gredi ya 4. Analia kila Jumamosi. Tena anataka viatu vya pwenti, vile vya kusimamia ncha za vidole, kama vya binamu yake. Studio nyingine imekubali kumpokea Gredi ya 4 na kumvalisha viatu hivyo mara moja. Nimhamishe?
Baba, Mombasa

JIBU: Mzee wangu, usimhamishe kwa sababu hiyo. Studio iliyo tayari kumvalisha mtoto wa miaka 10 viatu vya pwenti kabla hata ya kuona kifundo chake cha mguu inanitia wasiwasi mkubwa. Mifupa ya miguu katika umri huo bado inakua, na viatu hivyo huuweka uzito wote wa mwili juu ya ncha za vidole. Madaktari wanaotibu wacheza baleti kwa kawaida hushauri mtoto asubiri hadi kama miaka 12, tena awe amekwisha kujifunza kwa miaka kadhaa, na hata hapo nguvu za mwili huangaliwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa. Jioni moja mwombe binti yako asimame kwa mguu mmoja, akigusa meza kidogo tu, ainue kisigino na kukishusha polepole mara kumi. Tazama goti kama linabaki limenyooka, na kifundo kama hakilalii upande wa kidole kidogo. Zoezi hilo halitoshi kuwa kibali, ila litakuonyesha kwa macho yako kile mwalimu anachokisubiri.

Kuhusu gredi, nenda kwa mwalimu umuulize swali moja lililo wazi: ni jambo gani hasa anataka kuliona kabla ya kumpandisha? Akikutajia jambo linaloeleweka, kwa mfano mgongo unaoanguka anapoinua mguu au kuwahi muziki, mwambie binti yako hilo hilo. Mtoto aliyepewa kazi inayojulikana hulia kidogo kuliko mtoto anayedhani hapendwi. Akishindwa kukutajia lolote, hapo ndipo uanze kufikiria kuhama. Na ukiogopa kwamba mwaka mmoja utamharibia njia, kumbuka kwamba Misty Copeland wa Marekani alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufikia cheo cha mchezaji mkuu katika kundi la baleti la American Ballet Theatre. Kipaji chake si cha kawaida, na simtaji ili umfanye binti yako awe yeye. Nataka tu uone kwamba miaka 10 ni mapema mno kusema mtoto amechelewa.

SWALI: Nina miaka 41, sijawahi kucheza baleti, na hapa nilipo kuna darasa moja tu, la “ngazi zote”. Niende?
Msomaji, Kigali

JIBU: Nenda, kaka. Katika darasa la namna hiyo mwalimu hutoa zoezi moja kwa sura mbili au tatu. Chukua ile nyepesi kila mara, na kwenye pirueti, yaani kuzunguka kwa mguu mmoja, fanya nusu ya mzunguko au ubaki ukijizoeza kusimama imara kwa mguu mmoja. Fika dakika 10 kabla, umwambie mwalimu kwamba ni mara yako ya kwanza na umtajie jeraha lolote la zamani, hasa la goti au mgongo, ili ajue akuweke wapi kwenye ufito.