Kumsikitikia Moi ni kosa?

SWALI: Habari yako mzee wa safu. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Nakuru, mama yangu ni wa Baringo na baba ni wa Murang'a, kwa hivyo ushaelewa vile huwa kwetu ikifika mambo ya siasa. Kila Februari mjomba huweka picha ya mzee Moi, rais wetu wa pili, kwa grupu ya familia, anaandika "pumzika baba," halafu baba mdogo anajibu vitu siwezi kuandika hapa. Mwaka huu na mimi nikajitia mdomo, nikaandika kwamba siku alipokufa nilimsikitikia, mzee wa miaka 95 jamani, na nikakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali yake, tuliyokunywa shule. Weee! Baba mdogo akaniuliza kama hayo maziwa ndiyo yamenifanya nimsahau Matiba. Mpaka leo hashiki simu yangu. Sasa nauliza, mtu aliyetawala vile akifa ni makosa kumwona binadamu?
— Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama Wawili, pole kwa kununiwa, lakini usikimbilie kumwona baba mdogo ana roho mbaya, huyo mtu wa Murang'a anajua anachosema. Kenneth Matiba, mwanasiasa wa huko huko Murang'a, alishikwa Julai 1990 pamoja na mwenzake Charles Rubia siku chache tu kabla ya Saba Saba, yale maandamano ya tarehe 7 Julai, kosa lao kudai vyama vingi, wakawekwa kizuizini bila kesi, na humo humo Matiba akapigwa na kiharusi, akatoka mwili umeharibika na hakuwahi kurudi kuwa yule tajiri mpanda milima aliyeingia. 2017 Mahakama Kuu ikaamua serikali imlipe zaidi ya shilingi milioni 500, mwaka uliofuata Aprili akafa. Rubia naye akafa Desemba 2019, wiki chache tu kabla ya Moi mwenyewe. Sasa fikiria mtu aliyezika hao wawili anawasha TV Februari 2020 anaona bendera nusu mlingoti, mwili umelazwa bungeni, foleni ya watu, na kila anayepewa maikrofoni anaongea kama vile Kenya ilikuwa inaongozwa na malaika. Hata mimi ningetupa rimoti.

Na Matiba ana jina, wengine hata majina hatuna. Wagalla, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege Wajir wakaachwa juani bila maji na wengi wakauawa, serikali kwa miaka mingi ikang'ang'ana kwamba waliokufa ni 57 wakati wenyeji wanahesabu kwa mamia mpaka maelfu. Vyumba vya chini pale Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, wapinzani walifungiwa ndani ya maji. Wale kina mama wa 1992 waliokaa Uhuru Park kudai watoto wao waliofungwa kwa siasa, polisi wakaja na marungu na gesi, wakina mama wa umri wa nyanya yako wakavua nguo mbele ya askari kuwalaani, halafu wakahamia kanisa la All Saints wakakaa huko karibu mwaka mzima. Ukiyaweka haya kando ili umwone Moi vizuri, utakuwa unamwona mtu mwingine.

Lakini swali lako lilikuwa la ubinadamu na mimi nasema ndiyo, mwone binadamu, tena bila kuomba ruhusa ya mtu.

Moi alizaliwa Sacho 1924, baba yake akafa yeye bado mtoto mdogo kabisa, akachunga mbuzi, akatembea kwenda shule ya misheni mbali na kwao, akawa mwalimu. Akiwa makamu wa rais kwa zaidi ya miaka kumi, wakubwa waliomzunguka Rais Kenyatta walimwona mtu wa kupita tu, na polisi wa Rift Valley walikuwa wanamsumbua barabarani, wanamsachi, makamu wa rais mzima! 1976 wakaanza kampeni ya kubadilisha katiba ili asije akarithi kiti. Huyo ndiye aliyeapishwa 1978, mtu aliyejua kwa ngozi yake ladha ya kudharauliwa na kuogopa gari la polisi likija nyuma yako.

Na hapo ndipo mimi natofautiana na mjomba wako. Yeye akisikia hadithi hiyo ya yatima mchunga mbuzi anataka tupunguze hesabu, mimi nikiisikia naona hesabu inaongezeka. Shetani ungemlaumu kwa nini, si ni kazi yake? Ila mtu aliyewahi kunyanyaswa na polisi halafu akipata nguvu anawaachia polisi hao hao watoto wa wenzake, huyo alikuwa na njia mbili na anajua alichagua gani. Kwa hivyo ukimwona binadamu hujamtetea hata kidogo. Baba mdogo akilielewa hilo pengine atashika simu.

Maziwa sasa. Nami niliyanywa, zile pakiti za pembe tatu, na sitadanganya kwamba hayakuwa matamu, kuna watoto hiyo ndiyo ilikuwa chakula chao cha mchana. Yalianza 1979 na yalikuwa jambo jema. Ila yalilipwa na serikali, yaani na kodi, pamoja na ya wazazi wa hao waliokuwa Nyayo House. Kumbuka maziwa, usimshukuru mtu mmoja kama alikamua yeye.

Kuna siku moja ambayo mimi humpa heshima yake bila kinyongo, 30 Desemba 2002, siku ya kukabidhi madaraka. Uhuru Park imejaa, watu wanamzomea, msafara wake unarushiwa matope, Kibaki, rais mpya, yuko kwa kiti cha magurudumu anasoma hotuba ya kusema amerithi nchi iliyoharibiwa na utawala mbaya, na Moi amekaa pale pale anasikiliza, jeshi lote lilikuwa lake mpaka asubuhi ile. Akakabidhi, akaenda Kabarak. Ukiangalia majirani zetu wangapi wameshindwa na hilo tu, utajua si kitu kidogo.

Utaniambia mbona Raila Odinga, mpinzani wake aliyekaa kizuizini miaka mingi na kufiwa na mama yake akiwa ndani, alipatana naye na mazishini akaenda. Ni kweli, na ilikuwa haki yake Raila. Msamaha wake hauwezi kutumika kwa niaba ya mama wa Wajir ambaye hajawahi hata kuonyeshwa kaburi. Wewe pia, huruma yako ni yako, usiiandike kwa grupu kama vile familia nzima imesaini.

Kwa hivyo mpigie baba mdogo tena, akikataa nenda kwake na watoto, umwombe awasimulie habari za Matiba kuanzia mwanzo, na wewe usitie neno la maziwa mpaka amalize. Mjomba naye picha yake aiweke, marehemu ni wake, ila mwambie Februari ijayo akishaweka ya tarehe 4, siku Moi aliyokufa, tarehe 10 aweke na ya Wagalla.