Shotigani inayokwama na kushika kutu karibu na bahari

Ndugu yangu wa Raskazone, nimekuelewa: shotigani yako ya kusukuma, yaani bunduki inayopakiwa risasi kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, unayoimiliki kwa leseni, imeshika kutu mtutuni na kishikio chake cha mbele kinakwama tangu masika. Nami naishi Tanga, na naijua hewa hii ya chumvi, ambayo hula chuma hata kikiwa kimefungiwa kabatini.

Kabla ya yote, toa risasi zote na uziweke chumba kingine, kisha ikague chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, kwa kuwa bomba la akiba ya risasi lililo chini ya mtutu linaweza kuwa tupu ilhali risasi moja imebaki chemba.

Ukishafungua mtutu, pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia silaha, ukianzia upande wa chemba, halafu vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Mafuta yawe kidogo mno. Wengi huyamimina wakidhani wanailinda bunduki, kumbe mafuta mengi hunasa vumbi na mchanga, na uchafu huo ndio hukwamisha njia anamopita kishikio. Usitumie msasa, wala usiihifadhi ndani ya mkoba wa kitambaa au ngozi, kwani hutunza unyevu.

Ukiona vishimo vya kutu ndani ya mtutu, au kishikio kikiendelea kukwama, nakusihi usiifyatue wala usifungue mtambo wa kifyatulio. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali, ukiwa na leseni yako mkononi.