Ami kasema kusoma basi? Usikate tamaa mdogo wangu

Wiki hii kuna binti kaniandikia inbox kutoka Wete, kamaliza form six, posa imeshafika nyumbani na ami yake anasema chuo kikuu ni mambo ya kizungu, mtoto wa Kiislamu anaenda kuharibika tu. Wallahi nimesoma ile mesej nikajiona mimi mwenyewe.

Mimi posa yangu ililetwa hata matokeo ya form four hayajatoka. Baba kimya, maana kakaake keshasema na kwetu mkubwa akisema ndo imetoka. Aliyenitetea ni bibi mzaa baba, skuli hajaingia hata siku moja ila uani kwake alikuwa akisomesha Qur-ani watoto wa mtaa mzima, na huyohuyo ami kahifadhi juzuu amma pale. Akamwita akamuuliza, mwanangu, nilivyokuwa nakusomesha wewe nilikuwa mzungu? Ami hakujibu. Basi nikasoma mpaka nikafika Dodoma na buibui langu, leo nina kazi na ada za wadogo zangu nalipa mimi, lakini ami hongera hajanipa mpaka kesho na inaniuma sana.

Sasa ushauri. Kwenye kikao usiingie na maneno ya haki za binadamu, watasema ushabadilika. Ingia na dini na mila hizohizo wanazozitaja. Waambie wanawake wa Madina walimuomba Mtume (SAW) awatengee siku yao ya kusoma na akawatengea, ipo kwenye Bukhari. Waambie Mwana Kupona, yule mshairi wa kisiwa cha Pate huko Lamu, alitunga utenzi wake mwaka 1858, skuli ya serikali ya wasichana Unguja imekuja kufunguliwa 1927, sasa yeye mzungu gani alimfundisha? Na mule kamuusia bintiye kumtii mume, kwahiyo hata ami hana pa kumkatalia.

Halafu usiende peke yako, tafuta mkubwa, shangazi, bibi, ustadhi wa madrasa, yoyote anaesikilizwa. Na kama muoaji unampenda sawa, ila suala la masomo lisemwe mbele ya mashahidi kabla ya akdi, sio ahadi za kwenye simu.

Na nyie kina baba, mkeo akishikwa na uchungu unauliza daktari mwanamke yuko wapi, atoke wapi na mabinti wote mnawakatisha masomo? Udahili wa chuo una tarehe zake za mwisho, zikipita binti anaweza kupoteza nafasi yake, huyo muoaji mwambieni angoje.