Ahadi ya mwaka 2050 na mitambo ya makaa ya mawe

SWALI: Mashirika mengi ya umeme yanaahidi kwamba ifikapo mwaka 2050 umeme wao hautaongeza hewa ukaa angani. Ikiwa paneli za jua zimeshuka bei kiasi hiki, kwa nini mitambo ya makaa ya mawe isizimwe sasa hivi? Au tunapozwa roho tu?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, kwa kuwa ahadi isiyotaja mwaka wa kufungwa kwa kila mtambo haijawa mpango. Mtambo wa makaa hujengwa ili utumike miaka 40 hivi. Ukiwashwa leo, ama utafuka moshi hadi baada ya 2060, ama utafungwa deni lake halijaisha na wateja watalilipa kwenye ankara zao. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutojenga mwingine.

Ugumu wenyewe uko jioni. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde, na jua linapozama ndipo watu wanaporejea nyumbani kuwasha taa na majiko, hata msimamizi wa gridi aliyekuwa na umeme wa ziada saa saba mchana akajikuta anautafuta saa moja usiku. Betri nyingi za gridi hutoa umeme kwa takriban saa 4, muda unaotosha kuvuka jioni lakini si wiki nzima ya mawingu na upepo uliotulia. Hapo huhitajika mabwawa, jotoardhi, nyuklia, au umeme wa kutoka eneo jingine.

Umeme huo wa mbali unahitaji njia za kuusafirisha, nami katika mpango wowote ningezitazama hizo kabla ya paneli. Shamba la paneli laweza kujengwa kwa mwaka mmoja au miwili, ilhali njia ya msongo mkubwa, pamoja na vibali vyake na fidia kwa wenye ardhi, mara nyingi huchukua miaka 10, na paneli zinazoisubiri hazimwangazii mtu.

Gesi asilia hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa kila kilowati saa, lakini nayo ni lazima ipangiwe mwisho wake.

Kwamba inawezekana, Uingereza imeonyesha: makaa yaliyotoa karibu asilimia 40 ya umeme wake mwaka 2012 yalikoma Septemba 2024, kituo cha mwisho kilipofungwa. Liulize shirika lako ni mtambo upi utafungwa kwanza, mwaka gani, na wafanyakazi wake watakwenda wapi.