Nikatwe mafindofindo hospitali ya rufaa au ya binafsi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nafanya biashara ya dagaa Nansio, Ukerewe. Mafindofindo yananisumbua tangu mwaka juzi, na mwaka huu pekee nimechomwa sindano mara nne. Daktari wa hospitali ya wilaya kanishauri yakatolewe Mwanza. Sina bima. Hospitali moja ya binafsi wamesema niende wiki ijayo, ila kwenye rufaa ya serikali nitapanga foleni. Ndugu zangu wanataka niuze mtumbwi nilipie binafsi. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mtumbwi usiuze kwanza.

Tuanze na kama unastahili kukatwa. Kipimo tunachotumia ni koo kali mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na koo kali ni ile ya homa, usaha na tezi za shingo kuvimba, kumeza mate kukawa shida. Mafua yenye muwasho hayahesabiki. Mara nne za mwaka huu peke yake hazikufikishi huko, kwa hiyo kaa na daftari lako la matibabu uhesabu mwaka jana na mwaka juzi ilikuwaje. Kama umewahi kupata jipu pembeni ya findo zaidi ya mara moja, au unakoroma hadi pumzi inakatika usingizini, hesabu inabadilika. Na kama findo moja limekuwa kubwa kuliko jingine, au una uvimbe shingoni usiopungua, usisubiri foleni ya mtu yeyote. Mwambie daktari wiki hii hii, maana kwa mtu mzima hapo lazima nyama ipimwe kuondoa shaka ya saratani.

Upasuaji unasaidia, lakini usitarajie kwamba koo halitauma tena maishani. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2023 uliwafuatilia watu wazima 453 kwa miaka 2. Waliopangiwa kukatwa waliumwa koo siku 23 kwa wastani wa kati, na waliopangiwa kuendelea na matibabu ya kawaida siku 30. Katika waliofanyiwa upasuaji, karibu mmoja kwa kila watano alitokwa damu.

Hiyo damu ndiyo ningetaka iamue unakwenda wapi. Upasuaji wenyewe hufanyika kwa nusu kaputi, kupitia mdomoni, na kwa kawaida hauzidi saa moja. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za mwanzo, na inaweza kurudi kati ya siku ya 5 na ya 10, pale utando mweupe kooni unapobanduka. Siku hizo umesharuhusiwa zamani. Ukiwa Nansio saa nane usiku, mdomo umejaa damu, kivuko hakipo hadi asubuhi.

Kwa hiyo popote utakapokatwa, usivuke kurudi kisiwani kabla ya wiki mbili. Tafuta ndugu wa kukaa kwake, Kirumba au Igoma, popote penye usafiri wa usiku.

Sasa hospitali. Wengi wakisema rufaa ya serikali wanamaanisha Bugando. Bugando ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, inaendeshwa kwa makubaliano na serikali kama hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Hospitali ya mkoa ya serikali ni Sekou Toure. Nakueleza haya kwa sababu jina la mwenye hospitali halitakusaidia usiku wa siku ya saba. Si ajabu hata bingwa atakayekukata binafsi jioni akawa ndiye unayemkuta rufaa asubuhi.

Waulize hao wa binafsi mambo haya, tena kabla ya kulipa hata shilingi. Anayekata ni bingwa wa pua, masikio na koo, au ni daktari wa jumla? Wa usingizi ni nani, na anabaki hadi umeamka vizuri? Nikitokwa damu usiku, chumba cha upasuaji kinafunguliwa na damu ya kuongezwa ipo, au mnanipakia kwenye gari kwenda Bugando? Nikirudishwa kwa ajili ya damu, nalipa upya? Bei waliyokutajia iandikwe, ionyeshe vipimo, usingizi, wodi, dawa na marudio. Wakijibu vizuri yote, na pesa unayo bila kuuza chombo cha kazi, nenda. Kupata tarehe ya uhakika ni faida kubwa kwa mfanyabiashara.

Wakibabaika, nenda rufaa na barua kutoka wilayani. Foleni itakuudhi, na dharura ikiingia wewe unaahirishwa, kwa hiyo piga simu kabla ya kuvuka ziwa. Ukiona gharama zimekushinda, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini mapema, kabla hujalazwa. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningechagua kusubiri. Mafindofindo ya kujirudia hayana haraka ya wiki ijayo.

Popote uendako, waambie kama kuna selimundu kwenye ukoo wenu, maana kwetu Kanda ya Ziwa ipo sana, na kama unatumia aspirini. Wanaokata kimeo mitaani usiwaendee kabisa: hawagusi mafindofindo, na watu wanavuja damu na kupata maambukizi.

Maumivu kwa mtu mzima ni siku 10 hadi 14, na masikio huuma pia bila kuwa na ugonjwa. Meza dawa za maumivu kwa saa, usingoje uzidiwe. Kunywa maji mengi, kula ugali laini na samaki, pilipili na ndimu acha. Magunia ya dagaa pale Mwaloni abebe mwingine kwa wiki mbili. Ukiona damu mbichi, keti umeinama mbele, iteme usiimeze, uende hospitali muda huo huo, hata kama imeonekana kukata.