Re: Maua ukutani yanatikisika hata chumba kikiwa kitupu

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: projekta inarusha maua ukutani, kamera inafuatilia watazamaji kupitia TouchDesigner (programu ya kutengeneza picha zinazoitikia watu), lakini maua yanatikisika hata pasipo mtu, na picha ina ukungu.

Kabla hujagusa mipangilio, rusha picha nyeusi tupu. Mtikisiko ukikoma kwenye data ya kamera ndani ya TouchDesigner, basi kamera inaona maua yako yenyewe na kudhani ni watu. Mimi nilihangaika usiku mbili nikibadili namba kabla ya kugundua hilo, na iliniuma sana.

Dawa ni kutenganisha mwanga. Mulika eneo la watazamaji kwa taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), za nanomita 850 hivi, kisha tumia kamera isiyo na kichujio cha kuzuia infraredi. Mbele ya lenzi weka kichujio kinachozuia mwanga wa kawaida. Hapo kamera itaona watu tu, maua haitayaona. Kamera za kawaida za kompyuta huja na kichujio cha kuzuia infraredi ndani, kwa hiyo zilivyo hazitafaa. Funga na mapazia, maana jua nalo lina infraredi tele.

Kinect, kamera ya Microsoft inayopima umbali kwa infraredi yake yenyewe, pia inafaa, ila ndani ya TouchDesigner inahitaji Windows. Usiichanganye na taa hizo, zitaivuruga. Kwenye Mac kazi hii sijawahi kuifanya.

Na ule ukungu kwenye picha: toleo la bure la TouchDesigner lina kikomo cha pikseli 1280 kwa 1280. Ukitanua hapo ukuta mzima, lazima ionekane hafifu.