Kabla ya koti, tafuta anwani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukimsindikiza kijana anayekwenda kusoma muhula mmoja ng'ambo, utamwambia ajiandae na kitu gani kwanza?" Najua wengi watajibu koti. Jibu langu ni anwani. Naomba nafasi nilieleze vizuri, kwa sababu jambo hili lilinigharimu, na bado naona wadogo zetu wanapandishwa ndege bila mtu kuwagusia.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam nilipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa muhula wa baridi. Muhula huo huanza rasmi Oktoba 1 na kwisha Machi 31, ingawa vipindi vyenyewe huanza katikati ya Oktoba na kukoma Februari. Nafasi ilitoka kwenye mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi uitwao Erasmus+, ambao tangu 2015 unawachukua pia wanafunzi wa nje ya Ulaya. Mwanafunzi wa kubadilishana namna hii halipi ada kule anakokwenda, tena hupewa posho ya kila mwezi na fedha za nauli. Nyumbani wakasikia "kila kitu kimelipiwa", ikasomwa dua, shangazi akaja kutoka Tanga, na majirani wakaanza kuniagiza simu.

Ya viza sitayasema mengi, maana hayo kila mtu huulizia. Utakwenda ubalozi wa Ujerumani, Umoja House pale mjini, utaacha alama za vidole, utasubiri wiki kadhaa. Anayejilipia mwenyewe hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, mara nyingi kwenye akaunti maalumu inayofungwa na kufunguliwa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilichopangwa Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Mwenye barua ya ufadhili wa kutosha huionyesha hiyo badala yake. Nikiwa kwenye foleni nilimkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka pwani ya Bagamoyo kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1905 alitaka kurudi kwao na mke wake Mjerumani. Wakoloni hawakuwaruhusu kushuka melini pamoja, ikabidi warudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Nilipomsoma mara ya kwanza darasani ilikuwa historia. Pale kwenye foleni, na bahasha yangu mkononi, niliuona uchungu wake.

Kufunga mizigo ni sehemu ninayoikumbuka kwa mapenzi. Mama alitandika mkeka sebuleni, akaazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki, tukawa tunapima begi, tunatoa, tunapima tena mpaka likakaa kwenye kilo 23. Hapa kuna sheria ambazo kila mzazi anafaa kuzijua, kwa kuwa chakula kikikamatwa uwanjani kinatupwa. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviingii Ulaya, hata nyama iwe imekaushwa vipi. Samaki wanaingia, hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wa Kigoma walipita salama. Asali inaruhusiwa mpaka kilo mbili. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Embe halimo. Mama alikuwa ameshafunga maembe manne kwenye gazeti. Aliyafungua moja moja, akawagawia watoto waliokuwa wamejaa mlangoni.

Koti nililinunua Karume, la mtumba, zito, zuri, na mpaka leo lipo. Ndiyo maana nasema koti si tatizo. Ukilikosa Karume utalipata kule kule kwenye maduka ya nguo zilizotumika, kwa bei ya kawaida kabisa. Baridi ya Oktoba yenyewe inavumilika. Kinachokusumbua zaidi ni giza la Desemba, ambapo saa kumi na nusu jioni taa zote za mtaani zimeshawaka.

Nikaagwa Terminal 3 pale Uwanja wa Julius Nyerere, kundi zima la ukoo likiwa nje ya vioo, nikapita Addis Ababa, nikashuka Frankfurt alfajiri. Afisa wa uhamiaji aliuliza mambo mawili: unakwenda kusoma nini, na utakaa wapi. La kwanza nilikuwa na barua yake. La pili nilikuwa na barua pepe kutoka ofisi iliyohusika na malazi, iliyosema kwamba chumba kitapatikana nikishafika. Afisa aliitazama, akanitazama, akagonga muhuri. Nikashukuru Mungu, nikaburuta mabegi mpaka kituo cha treni kilichopo hapo hapo uwanjani.

Safari ya treni nayo ina somo lake. Baada ya Nürnberg nilibadili, nikapanda treni ya mkoa inayokatwa njiani: mabehewa ya mbele yanaelekea mji huu, ya nyuma mji mwingine. Matangazo ni ya Kijerumani na yanapita haraka. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alisoma karatasi yangu ya tiketi bila kuombwa, akasimama, akashika begi langu moja na kunihamisha behewa. Sikuwahi kulijua jina lake. Mdogo wangu, ukipanda treni za namna hiyo, soma kibao cha elektroniki kilichoandikwa mwisho wa safari ndani ya behewa lako mwenyewe, wala usitegemee ubao wa stesheni peke yake.

Nilifika Jumamosi jioni. Ofisi zote zimefungwa, na msimamizi wa mabweni, ambaye ndiye mwenye funguo, hufanya kazi siku za wiki tu. Kesho yake Jumapili, na Ujerumani Jumapili maduka hayafunguliwi, ukiacha machache kama ya kwenye stesheni kubwa na vituo vya mafuta. Nililala kwa dada mmoja Mkenya, mtu wa Kisumu, ambaye namba yake nilipewa na mwalimu wangu saa chache kabla ya kuondoka. Alinipokea na godoro la sakafuni na ugali wa moto. Jumatatu tulikwenda pamoja ofisini, tukaambiwa vyumba vimejaa, tusubiri.

Hapo ndipo nilipoelewa anwani ni nini katika nchi ile. Kwetu, ukitaka kufungua akaunti au kudhamini ndugu, unakwenda serikali ya mtaa, mtendaji anakuandikia barua ya utambulisho, na mjumbe anakujua hata kama umehamia juzi. Kule anayekutambulisha ni nyumba. Ukihamia mahali, unatakiwa ndani ya wiki mbili uende ofisi ya kuandikisha wakazi, ukiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Barua hiyo ni ya lazima tangu Novemba 2015. Bila barua huandikishwi. Bila karatasi ya uandikishaji, benki niliyokwenda haikunifungulia akaunti. Bila akaunti, posho yangu haikuwa na pa kuingia, kwa sababu waliokuwa wakilipa walikubali akaunti ya benki ya Ulaya tu. Na bila posho, nisingeweza kutoa amana ya chumba cha kupanga mtaani, ambayo ilikuwa zaidi ya kodi ya mwezi mmoja. Fedha zangu zilikuwepo, jina langu lilikuwa kwenye orodha, na mimi nilikuwa nahesabu sarafu za kununulia mkate.

Dada yule hakuweza kuniandikia barua, maana chumba kilikuwa chake kwa mkataba wa mtu mmoja. Alijaribu kuomba ruhusa, akakataliwa. Katika wiki zile za mwanzo, wenzangu darasani walikuwa wanasoma. Mimi nilikuwa natoka darasani nakimbilia kuangalia vyumba. Nilihudhuria vipindi vyote, lakini kichwa hakikuwepo. Muhula mmoja ni mfupi mno kuliwa namna hiyo. Mtu aliyekwenda kwa miaka mitatu anaweza kupoteza mwezi akaufidia. Wa miezi minne au mitano akipoteza mwezi, amepoteza sehemu kubwa ya kile alichofuata.

Hatimaye chumba kilipatikana bwenini, mwanafunzi mmoja alipohama. Kilikuwa na kitanda, godoro, meza na kabati. Shuka, mto na blanketi hakuna, na hiyo ni kawaida kule, kwa hiyo mama anayemfungia mwanawe begi aweke shuka mbili na khanga kabla ya kufikiria mambo mengine. Siku hiyo hiyo dada wa Kisumu alinifundisha jambo ambalo hakuna kijitabu cha wageni kilichonieleza. Aliandika jina langu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa gundi ya plastiki kwenye sanduku la barua pale chini mlangoni. Mpeleka barua wa kule hasomi namba za vyumba, anasoma majina yaliyo kwenye masanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Na karibu kila kitu kinakuja kwa barua: kadi ya benki siku moja, namba yake ya siri siku nyingine kwenye bahasha tofauti, kadi ya bima ya afya, namba ya mlipakodi, na hata ile barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, ambayo humfuata kila aliyeandikishwa hata kama hana televisheni. Kila niliposhuka ngazi nilitazama kile kipande cha karatasi kama bado kipo.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayefunga begi sasa hivi, dai uandikiwe kwa maneno yaliyo wazi: jengo gani, chumba namba ngapi, kuanzia tarehe gani, na nani atakupa ile barua ya mwenye nyumba. Wakikujibu kwamba utaelezwa ukifika, andika tena. Usione haya, huombi hisani, ni sehemu ya kile ulichopewa. Uliza msimamizi wa mabweni anapatikana siku gani na saa ngapi, halafu tiketi yako ikatwe ili ufike Jumanne au Jumatano asubuhi. Beba fedha taslimu za kukuvusha mwezi mzima, hata ikibidi familia ikope au boom lako lote (fedha za mkopo wa wanafunzi) la muhula uliopita lisiguswe. Na kabla hujaondoka, pata namba ya mtu mmoja aliyepo kule. Chama cha wanafunzi kutoka Afrika Mashariki, mwalimu wa Kiswahili wa chuo hicho, msikiti, kanisa, popote. Watu wetu wapo, na wakipigiwa mapema hupokea kwa moyo.

Lakini mzigo huu usiachwe mgongoni mwa mwanafunzi peke yake. Binti wa miaka 21 ambaye hajawahi kupanda ndege hana nguvu ya kubishana na ofisi iliyo kilomita maelfu kutoka kwao. Mikataba ya kubadilishana wanafunzi husainiwa na wakubwa wa vyuo vya pande zote mbili, kwa picha na tabasamu. Humo ndani kiandikwe kifungu kimoja: chumba kithibitishwe kwa maandishi kabla tiketi haijakatwa, na posho ya mwezi wa kwanza ilipwe kwenye akaunti ya mwanafunzi ya huku nyumbani, au kwa fedha taslimu siku anayofika. Nimeuliza wenzangu waliokwenda nchi nyingine, na wapo waliofanyiwa hivyo hivyo, wakakabidhiwa ufunguo na bahasha stesheni. Kumbe inawezekana. Ofisi zetu za ushirikiano wa kimataifa zikisoma jibu hili, ninawaomba waulizie kifungu hicho kwenye mkataba wowote utakaofika mezani kwao kabla ya kundi la Oktoba kuondoka.